Mtungi wa Wanzengo

Siku Nkwabi alipolala kaburini, binti yake Nyamizi alikuwa amesimama na wanawake waliokuja kuzika, mtungi wa maji kichwani, akaona yote toka mwanzo hadi mwisho. Siku nyingine alikuwa akichelewa kisimani. Siku ile, kwa bahati mbaya, aliwahi.

Kijiji chao, Mwandeko, kilikuwa bado kipya, maana watu walikuwa wamehamishwa juzijuzi tu kutoka kwenye maboma yao ya zamani wakapangwa kando ya barabara iendayo Mhunze, nyumba zikitazamana. Serikali ilihamisha nyumba, desturi zikajihamisha zenyewe. Wanzengo, ndio majirani wote wa eneo moja, walikuja na sheria zao zilezile: akifa mtu, kila nyumba itoe mwanamume wa kuchimba kaburi na mwanamke wa kuleta maji na unga. Nyumba isiyofika huulizwa, na isiyokuwa na jibu hutozwa.

Kwa upande wa wanawake, nyumba ya Nkwabi ilikuwa ikiwakilishwa na Nyamizi. Alikuwa na miaka kumi na mitano tu, lakini kila msiba alifika na mtungi na unga wake, na kila msiba alikuwa na neno la kusema. Mama ana homa. Mama kaenda Tinde kwa dada yake. Mama mgongo umemkaza. Wanawake waliitikia "pole, ng'wana wane," yaani mwanangu, huku wakitazamana, kwa sababu huyo mama, Melania, walikuwa wamempita muda si mrefu, kaketi ukingoni mwa barabara akigombana na kiatu chake. Hawakumuumbua mtoto. Waliyapokea maji, wakampisha akae.

Melania alikuwa mpika pombe hodari zamani. Watu walitembea kutoka vijiji vya mbali kuifuata pombe yake ya mtama. Alianza kwa kuonja, kama ilivyo kazi ya mpikaji, kisha kuonja kukamnogea, mwishowe pombe ikawa haifiki siku ya kuuzwa. Nkwabi yeye alikuwa mtu wa mgodini. Alichimba dhahabu huko Geita, chini kabisa, mpaka mgodi ulipofungwa, akarudi kwao na buti, blanketi na kiu. Wako waliosema mgodi ndio uliomharibu. Huenda. Lakini wengine walitoka shimo lilelile wakaja wakalima pamba na kuezeka bati, na Nkwabi alikuwa bado anasimulia habari za lile shimo kwa yeyote atakayemwekea kibuyu mbele.

Sasa yule aliyekuwa akizikwa siku ile alikuwa mdogo wake Mzee Mabula, na Mzee Mabula ndiye aliyekuwa mkubwa wa wanzengo. Nkwabi alifika kaburi likiwa karibu kwisha, kalewa chakari, shati limefungwa vifungo shaghalabaghala. Akawanyang'anya vijana jembe.

"Tokeni! Nani mchimbaji hapa? Mimi nimechimba mahali ambapo nyie mngekojoa!"

Wakajaribu kumzuia, akaruka mle ndani. Akachimba mara tatu nne, akasema ukuta huu unataka kuegemezwa magogo, akauegemea yeye mwenyewe kuonyesha namna, akateleza chini, akauchapa usingizi. Walipomvuta mikono alikoroma. Wafiwa walisimama na maiti yao. Kisha, kutoka nyuma ya wanawake, Melania akacheka. Alikuwa amefika bila mtu kumwona, akacheka kicheko kirefu cha mtu aliyefurahishwa kweli, mpaka akajipigapiga mapaja. Nyamizi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kaburi lile halikufaa tena. Haiwezekani kumlaza marehemu mahali alipokwisha kulala mtu hai. Ilibidi lifukiwe tupu, lichimbwe jingine, na jua lilikuwa linachwea walipomaliza kuzika.

Wanzengo walikaa, wakahukumu. Mbuzi mmoja na mtungi mkubwa wa pombe ya mtama. Pombe ipikwe katika nyumba yenye kosa, kwa mtama wa nyumba hiyo, isiazimwe wala kununuliwa. Ikiiva, mwenye nyumba aende mwenyewe kuchuchumaa mlangoni kwa Mabula mpaka aulizwe shida yake. Ndipo wazee watakuja, watakunywa, mambo yataisha. Kabla ya hapo, hakuna kusalimiana na nyumba ya Nkwabi. Hakuna kuwapa moto wala chumvi. Kisimani watachota wa mwisho, wengine wote wakiisha. Na ikitokea ugonjwa au kifo, ni juu yao wenyewe.

Wazee hawakuona kichekesho chochote katika kumtoza mlevi pombe. Ndiyo sheria waliyoikuta. Nyamizi alikiona, lakini nani wa kumwuliza mtoto.

Kutengwa ni jambo la ajabu kwa mtu ambaye hajalionja. Hakuna aliyewatukana. Watu walipita tu, macho mbele, kama wanapita kichaka. Msichana aliyekuwa akikaa na Nyamizi darasani alikutana naye njiani akainama kufunga kamba ya viatu, na miguuni hakuwa na viatu. Nkwabi alisema hajali, akaenda kunywa gongo kwa watu wa kijiji cha pili ambao hawakujua habari zake. Melania alikwenda naye. Waliobaki nyumbani ni Nyamizi na bibi yake, mama yake Nkwabi.

Bibi Mageni alikuwa kitandani tangu mvua zilizopita. Macho yalikwisha kuzibwa na ukungu, miguu imekuwa vijiti. Yeye ndiye aliyemlea Nyamizi. Akili ikiwa timamu na mdomo ukiwa mkali, alikuwa amewahi kumfukuza Nkwabi kwa ufagio, mtu mzima yule. Aliposikia hukumu akajiinua kwa kiwiko.

"Basi sifi," akasema.

"Usiseme habari za kufa, Bibi."

"Nasema siwezi. Nikifa leo, nani atanichimbia? Baba yako? Atalala humo kabla yangu." Akatafuta mkono wa mjukuu wake, akaushika. "Nimezika watu wa nchi hii, Nyamizi. Nimewabebea maji tangu sijaota matiti. Sitaki kufukiwa na watu wawili kama mbwa aliyegongwa na lori. Lete uji."

Na hapo ndipo Nyamizi alipoona bibi yake anavyoishi kwa kusudi. Uji haukumpita kooni kwa urahisi, alikuwa akiumeza kama mtu anayemeza mawe, anapumzika, anaufungulia mdomo tena. Kila asubuhi aliuliza, "Baba yako ameamka?" na kila asubuhi Nyamizi alijibu, "Bado." Aliyekuwa akisubiriwa aamke alikuwa amelala uani, mdomo wazi, nzi wakimtalii.

Mbuzi alikuwepo. Alikuwa wa Nyamizi, Bibi alimpa angali mdogo, na Nyamizi alimfunga kigingini bila kulia sana. Mtama nao ulikuwepo, uliobaki ghalani, kidogo, ule wa kuwafikisha mavuno. Kilichokosekana ni mtu wa kupika na kulinda. Siku moja Nyamizi akaona ngoja ngoja imezidi. Akaacha kwenda shule, akauteremsha mtama wote, akauloweka.

Bibi alimfundisha kutoka kitandani. "Utandaze juu ya majani. Ufunike. Ukinyunyiza maji mengi utaoza." Mtama ulipoota, Nyamizi alimletea punje mkononi, Bibi akaitafuna kwa jino alilobaki nalo. "Bado. Haijawa tamu." Kesho yake akaitafuna tena. "Sasa. Anika."

Sijui niseme ni nini kilichowapata wale wazazi wawili wiki ile. Labda ni kuona kimea kimeanikwa uani mwao kama zamani. Labda ni kumwona mtoto wao anatwanga peke yake, mabega yamechomoza. Melania alikuja akasimama, akatazama, akapokonya mchi. "Hivyo utaumiza kifua," akasema, akatwanga yeye. Hakuwa amekunywa. Jioni akasaga, huku akiimba wimbo wa kusagia, sauti ile nzuri ambayo Nyamizi alidhani imekwisha kuoza. Nkwabi akakata kuni. Mikono ilimtetemeka mpaka shoka lilikuwa linagonga pembeni, jasho linamtoka na hakuna jua, lakini alikata.

"Nimeacha," akamwambia binti yake. "Naapa kwa huyu mama yangu aliyelala humo ndani. Wakija wazee watanikuta mtu."

Usiku hakulala kwa kuharisha na kuweweseka, na asubuhi akarudi kwenye kuni. Sufuria kubwa lilipochemka walikaa wote watatu kuzunguka moto. Nkwabi akasimulia habari za kile chuma cha kuteremshia watu mgodini, kinavyoanguka nawe mpaka tumbo linabaki juu. Nyamizi alikuwa amezisikia habari hizo mara mia, zote kutoka kwenye mdomo unaonuka gongo. Siku ile alizisikia upya, akacheka, Melania akacheka, na Bibi akauliza kutoka ndani wanacheka nini. Nyamizi aliwapenda wazazi wake siku ile mpaka akaogopa. Togwa ilipopoa waliionja, tamu, kila mtu kikombe kimoja, wakaimimina mtungini ichache. Melania mwenyewe akafunika kwa ungo, akaweka jiwe juu.

Kukacha, pombe ikaanza kuumuka. Ukikaa karibu uliisikia ikinong'ona mle mtungini, na harufu ikajaa nyumba nzima. Nyamizi alitandika mkeka akalala ubavuni pa mtungi. Hakuwa na mahali pengine pa kuuweka. Jirani gani angeupokea? Na ukitoka nje ya nyumba si pombe ya faini tena.

Asubuhi ya siku yenyewe Nkwabi alioga, akavaa shati jeupe la kanisani ambalo Melania alilinyoosha kwa pasi ya mkaa. Akanyoa ndevu, akajikata mara mbili. Kisha akasimama mbele ya Nyamizi, akanyoosha mikono yake miwili.

"Tazama," akasema.

Ilikuwa inacheza kama ya mtu mwenye homa kali. Vidole havikutulia hata kidogo.

"Nitachuchumaa vipi kwa Mabula na mikono hii? Watasema nimekuja nimelewa. Mimi nisiye na tone tumboni."

"Ifiche mfukoni, Baba."

"Mbele ya wazee? Mikono mfukoni?" Hakuwa anafoka. Macho yalikuwa yamejaa machozi. "Kibuyu kimoja, mwanangu. Kile kidogo. Si kwa kunywa. Ni kwa kutuliza mikono tu, nikamalize jambo hili. Nikirudi sigusi tena."

Nyamizi akamtazama mama yake. Melania alikuwa anatazama chini. Mtoto yule afanye nini? Alijua. Usidhani hakujua, alikuwa amekulia humo, angeweza kukwambia kwa harufu mtu amekunywa nini na tangu lini. Lakini mikono ile ilikuwa ya kweli. Mtu anayetetemeka vile wangemrudisha, na kama angerudishwa, Bibi angemeza uji mpaka lini? Akaondoa jiwe, akafunua ungo, akachota kwa kibuyu kidogo. Nkwabi akanywa amefumba macho, kama anayekunywa dawa. Baada ya kitambo mikono ikapungua kucheza.

"Umeona?" akasema kwa furaha. "Umeona?"

"Nenda basi, Baba. Wanakungoja."

"Naenda."

Nyamizi akafunika mtungi, akaweka jiwe. Maji ya wazee kunawa hayakuwepo, na saa ile ndiyo waliyoruhusiwa kisima, wengine wakiwa wameshamaliza. Alimwacha baba yake anafunga kamba za buti, mama yake anafagia uwanja. Alikwenda mbio, akachota mbio, akarudi maji yakimmwagikia mgongoni.

Alisikia wimbo kabla hajaiona nyumba.

Ungo ulikuwa sakafuni, jiwe limebiringika mlangoni. Nkwabi alikuwa amekaa chini, shati jeupe limelowa kifuani, buti moja limefungwa, jingine halijafungwa. Melania alikuwa ameupakata mtungi kama mtoto, kauinamisha kwa nguvu zote, kibuyu kinakwangua chini. Wakamwona, wakafurahi. Hilo ndilo lililomuuma Nyamizi kuliko yote, kwamba walifurahi kumwona.

"Njoo, mwanangu!" Nkwabi akaita. "Pombe yako imekuwa kama ya mama yako! Wataisifu!"

"Wataisifu ipi, Baba?"

Nkwabi alikuwa ameanza kuimba tena, akipiga mapigo kwenye debe, na Melania akaitikia, na kwa vile wote wawili walikuwa waimbaji wa ngoma enzi zao, nyumba ilijaa sauti kama ya watu kumi. Nyamizi alijaribu kuunyanyua mtungi. Ulinyanyuka kwa mkono mmoja.

Akatoka nje. Hakuwa na pa kwenda, alitoka tu. Barabarani alikuwa anapita Mzee Mabula, anaswaga dume lake. Mzee akasimama. Alisikia wimbo, akaona shati jeupe kupitia mlangoni, na uso ukamshuka. Kumsemesha Nyamizi hakuruhusiwa, yeye aliyetunga hukumu angeivunjaje? Akamgeukia yule dume, akasema naye kwa sauti ya kusikika.

"Nimekaa mlangoni tangu alfajiri," akamwambia ng'ombe. "Nimewakataza wazee wasitoke. Nikasema leo mtu atakuja, na mimi sitamchuchumaza muda mrefu, maana pale ndani kuna mama mgonjwa ambaye alimzika baba yangu."

Dume akavuta majani makavu. Nyamizi alisimama, machozi yanashuka.

"Sasa pombe ya faini ikishaharibiwa, ni mpaka mtama mpya," Mzee Mabula akaendelea kumwambia ng'ombe wake. "Si mimi niliyeweka hivyo. Tulikuta hivyo." Akampiga dume kwa kiganja, taratibu, wakaondoka. Mashamba pande zote yalikuwa meupe kwa ukame, hata jembe la kwanza halijapigwa.

Nyamizi akarudi, akapasha uji uliobaki, akaupeleka kwa Bibi. Kuna saa ambazo mtu hufanya kazi iliyo mbele yake kwa sababu hajui afanye nini kingine.

Bibi alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto. Uso wake ulikuwa umefunguka, umekuwa wa msichana.

"Nawasikia," akasema. "Wamekuja?"

Upande wa pili wa ukuta Nkwabi alikuwa anapiga debe, Melania anapiga vigelegele. Nyamizi alitazama yale macho meupe. Angesema nini? Kwa miaka yote ile alikuwa ameificha aibu ya watu wawili wale kwa maneno, na ulimi ukatangulia kabla yeye hajaamua.

"Wamekuja, Bibi."

"Mabula yupo?"

"Yupo."

"Kaonja?"

"Kaonja. Kasema imeiva vizuri."

"Nilikwambia tusianike mapema." Bibi akacheka kidogo, akashusha kichwa. "Kasema nini juu yetu?"

"Kasema yamekwisha."

Bibi akavuta pumzi ndefu, na Nyamizi akasikia mwili mzima wa yule mzee unalegea juu ya kitanda, kama mtu anayetua mzigo aliotoka nao mbali. Alilala hivyo, akitabasamu, anasikiliza wimbo. Nyamizi akachota uji, akausogeza mdomoni.

"Kula, Bibi."

"Wa nini tena?"

"Ule upate nguvu."

"Nguvu za kwenda wapi?" Akausukuma mkono, polepole, bila hasira. "Nilikuwa nakula kwa ajili ya wale. Sasa wamekuja. Niache nipumzike, mama yangu, nimechoka. Hujui jinsi uji huu ulivyokuwa ukinichosha."

Hapo Nyamizi ndipo alipoona alichofanya. Akaliweka bakuli chini, akamshika Bibi mabega yale ya mifupa.

"Bibi, nisikilize. Nimekudanganya. Hawajaja. Hakuna mtu. Ni Baba na Mama tu, wameinywa yote. Wanzengo hawajatusamehe, Bibi, mpaka mtama mpya. Usife. Tafadhali kula, ungoje mpaka mtama mpya."

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, kicheko kile kile cha zamani, kidogo na kikavu, akaunyoosha mkono akampapasa shavu lililolowa.

"Mjanja wewe," akasema. "Unataka nile. Mimi siwaoni, lakini masikio ninayo. Nyumba imejaa watu."

Ukutani debe likazidi kupigwa. Nkwabi alikuwa amefika kwenye kile kibwagizo kinachoitikiwa na wengi, na Melania alikuwa anakiitikia kwa sauti mbili, ya juu na ya chini.

"Nenda," Bibi akasema, akageukia ukutani kusikiliza vizuri. "Si adabu kuwaacha wageni peke yao."